Jinsi ya Kuwa Mwani Mwekundu: Mwongozo kwa Waliochoshwa na Nchi Kavu

Kodi ya nyumba imepanda tena. Umeme unakatika, simu za jamaa wa kijijini zinaanza kulia tarehe 25 ya kila mwezi, na wewe umefikia uamuzi ambao wengine huishia kuuota: unataka kuwa mwani. Tena mwani mwekundu, ule wa pwani, unaojilaza juu ya mwamba maji yakipwa na kuyumbayumba yakijaa. Umeutazama ukaona hauna bosi, hauna foleni, hauna kikao cha michango ya harusi. Ukaupenda.

Mwongozo huu ni wako. Umeandikwa kwa nia njema na bila kukukatisha tamaa. Kuna jambo moja tu la kutaja mapema, usije ukadai hukuambiwa: michango ya harusi ipo.

Kutafuta kiwanja

Viwanja vyote viko mahali pamoja, kwenye ukanda ulio kati ya pale maji yanapofika yakijaa na pale yanapokomea yakipwa. Kwa saa kadhaa ukanda huo ni mali ya bahari, kwa saa kadhaa ni mali ya nchi kavu, na hati hakuna anayeitoa. Tukuelekeze pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu kupitia Paje mpaka Jambiani. Mwamba umesimama mbali huko, mawimbi yanavunjikia juu yake, na ndani ya mwamba kuna uwanda mpana wa mchanga na mawe wenye maji ya magotini. Bamvua likifika, mwezi ukiandama au ukitimia, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa inakaribia mita 4. Siku za maji mafu bahari hufanya uvivu. Haiendi mbali wala hairudi kwa kishindo.

Sasa sikiliza ambalo dalali hatakwambia. Hapa Zanzibar, siku za bamvua, maji hufika mwisho wa kupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kabla hayajarejea vizuri, jua la saa sita limeshakusimamia utosini. Zipo pwani nyingine duniani ambazo bamvua lake hupwa alfajiri na jioni, na mwani wa huko hukaushwa kwa adabu. Wewe umechagua hii.

Utapanga juu au chini? Ukipanga juu, karibu na ufukwe, utakaa nje ya maji kwa muda mrefu zaidi kila siku. Utakauka, chumvi itakuganda mwilini, na mvua ikinyesha utaoshwa na maji baridi ambayo hukuyaomba. Faida yake ni kwamba maadui ni wachache, kwa sababu nao hawapapendi. Ukipanga chini utakuwa na maji karibu wakati wote, na pamoja na maji utampata tasi, ambaye Wakenya humwita tafi, samaki mwenye mdomo mdogo na njaa kubwa. Kasa naye hupita. Kwa hiyo juu unaliwa na jua, chini unaliwa na wenye meno. Wengi wa ukoo wako wamechagua chini, wakaamua kuzaa haraka kuliko wanavyoliwa.

Ukishachagua usihame, maana huna miguu. Huna mizizi pia, ingawa watu watadhani unayo. Una kishikizo tu, kibonge kidogo kinachong'ang'ania jiwe. Chakula hakipiti hapo. Unakula kwa mwili mzima: naitrojeni, fosforasi na hewa ya ukaa vinaingia kupitia ngozi yako yote, mradi maji yanatembea. Maji yakisimama, na wewe unashinda njaa katikati ya bahari.

Na suala la rangi. Wekundu wako unatokana na kemikali iitwayo fikoeritrini, ambayo kazi yake ni kunasa mwanga wa kijani na wa buluu, ule unaofika chini wakati mwanga mwekundu umeshamezwa na maji. Ndiyo maana baadhi ya ndugu zako wanaishi kwenye vina ambavyo mimea mingine haithubutu. Lakini wewe umehamia maji ya magotini chini ya jua la Paje, mahali ambapo mwanga ni wa kukinga kuliko wa kutafuta. Kwa hiyo utapauka. Utakuwa kahawia, utakuwa njano, na aina nyingine zenu zina kijani cha kutosha kumfanya mgeni aulize kwa nini mnaitwa wekundu. Usimjibu. Wataalamu waliwapanga kwa ukoo, hawakuwapanga kwa sura.

Kusoma majira

Tupa kalenda. Mwaka wako una kaskazi na kusi, na kati yake mvua za masika na za vuli, basi.

Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, ni msimu wa watalii. Bahari imetulia, anga ni safi, na maji ya uwandani yakibaki kidogo chini ya jua yanapita nyuzi joto 30 bila kupiga hodi. Watu watakupiga picha. Wewe katika msimu huu una kazi moja: kutokufa. Usijaribu kurefuka, usijaribu kupendeza. Matawi yako yatakuwa laini, na ukizidiwa yatafanya weupe pale katikati, yatalegea, kisha yatakatika. Ugonjwa huo huitwa ice-ice, jina lililotoka Ufilipino, na ukiuona weupe wenyewe utaelewa lilipotoka. Chanzo chake hasa ni mateso: joto, mwanga mkali, chumvi iliyobadilika ghafla, maji yaliyosimama. Ukishadhoofika, bakteria waliokuwa wakiishi nawe kwa amani siku zote wanakumbuka kwamba wao ni bakteria.

Masika huja na mambo yake. Hebu fikiri: maji yamepwa, umelala wazi juu ya jiwe, na mvua ya Aprili inakumwagikia kwa saa nzima. Mwili wako umezoea chumvi ya bahari. Maji ya mvua yanapenya ndani ya seli, zinavimba, na nyingine hazirudi tena katika hali yake. Ukiwa karibu na kijito au mdomo wa mto, zidisha mara mbili. Vuli ni hayo hayo kwa ufupi.

Halafu kusi linavuma. Kuanzia Juni upepo wa kusini unaipiga pwani ya mashariki, wavuvi wengine wanavuta vyombo vyao, watalii wanajifunga vitenge kwa baridi ambayo haipo, na maji yanashuka kuelekea nyuzi 25 au 26. Huu ndio mwaka wako mpya. Maji yanakimbia, chakula kinapita mbele ya mlango siku nzima, jua limepunguza ukali. Kua! Usibaki na akiba ya aibu. Katika miezi hii mwani wenye afya huongeza uzito siku hadi siku, na anayeutembelea kila bamvua huona tofauti kwa macho bila mizani.

Dosari ya kusi ni kwamba upepo unaokulisha ndio unaokuvunja. Wimbi moja baya linaondoka na nusu yako. Lakini hapa umebahatika kuliko binadamu: kipande kilichovunjika, kikinasa mahali pazuri, kinaendelea kuishi na kuwa wewe. Yule ni wewe, na huyu ni wewe, na mkikutana mwakani hamna haja ya kusalimiana. Kiweke akilini kipengele hiki, tutakirudia, maana ndicho kilichowaponza wengi.

Kanuni ya jumla ni kwamba kukua na kuzaa vyote vina gharama, na mwani wenye busara aghalabu hauvifanyi kwa nguvu zote kwa wakati mmoja. Unakula wakati wa neema, unazaa neema inapoanza kupungua, ili mbegu zianze kutafuta mahali kabla mama hajaharibikiwa. Wa nchi za mbali na ikweta wana saa nzuri ya kufuata: siku zinafupika, maji yanapoa, wanajua kipupwe kinakuja. Wewe uko nyuzi 6 kusini ya ikweta, ambako tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kabisa haifiki saa moja. Itakubidi usome joto, upepo na mvua. Na siku hizi navyo vimeanza kutoa habari zinazopingana.

Ndoa, ambayo hukuiulizia

Hapa ndipo wengi hujiondoa. Ukitaka kuwa mwani wa kijani au kahawia, mambo ya uzazi yana unafuu, kwa sababu mbegu za kiume huko zina mikia na huogelea zenyewe kumfuata mke. Ukoo mwekundu hauna mkia. Hauna mkia katika hatua yoyote ya maisha, kwa jinsia yoyote, kwa sababu yoyote. Mbegu yako ya kiume ni kidonge kidogo chenye ute, kinachoachiwa kwenye maji kiende kinakokwenda. Umeona posa nyingi, lakini hujaona posa ambayo bwana harusi anatupwa baharini huku wazazi wanasema Mungu atajaalia.

Mke naye amesimama jiwe la pili, au la mia. Amechomoza kiunyweleo chembamba kutoka kwenye chumba cha yai lake, akisubiri kidonge kipite na kunasa. Kikinasa, kiini chake kinateremka ndani ya unywele mpaka kwenye yai. Kisiponasa, basi, bamvua lijalo.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mawimbi peke yake ndiyo mshenga. Mwaka 2022 watafiti wa Roscoff, pwani ya Brittany huko Ufaransa, wakatangaza katika jarida la Science kwamba kuna mshenga mwingine. Walimchunguza mwani mwekundu aitwaye Gracilaria gracilis pamoja na Idotea balthica, kijidudu chenye miguu mingi, ndugu wa mbali wa kaa, anayeishi katikati ya matawi yake. Kijidudu kinatembea juu ya dume, vidonge vyenye ute vinakiganda miguuni na mgongoni, kisha kinahamia kwa jike na kuvipeleka bila kujua kimebeba nini. Matangini walimoweka vijidudu hivyo, majike yalitunga mimba mara nyingi zaidi kuliko yalipoachiwa maji matupu. Na kijidudu hakifanyi kazi hiyo bure. Kinakula uchafu mdogo mdogo unaoota juu ya mwani, na kinapata mahali pa kujificha. Hiyo ndiyo michango tuliyokutajia mwanzoni: chakula na malazi ya mshenga, miaka yote, iwe harusi imefungwa au haikufungwa.

Sasa yai limetunga. Usilipeleke popote. Kwenye ukoo wetu mtoto haondoki nyumbani. Anabaki amejishikiza kwenye mwili wa mama, ananyonya kwake, na anakua kuwa kiumbe kizima cha kizazi cha pili ambacho maisha yake yote kitayamalizia mgongoni mwa mzazi. Shika tawi la Gracilaria jike mwenye mimba, zipo aina zake kwenye pwani yetu pia, upitishe kidole polepole: utahisi vinundu vigumu vilivyojitokeza huku na huko juu ya ngozi yake laini. Kila kinundu kina mmoja wao ndani. Ukikipasua na kukitazama kwa hadubini utakuta umati wa spora unasubiri tundu lifunguke. Nao hawana mikia, usijidanganye.

Spora hizo zikitoka zinazama, zinaganda kwenye jiwe, na zinaota. Hapo utatarajia wajukuu waliofanana na bibi, na utawapata, kwa sura. Gracilaria huyo mpya hana tofauti ya nje na bibi yake, lakini hana jinsia. Si dume wala jike. Ana seti mbili za kromosomu ambapo babu na bibi walikuwa na seti moja moja. Akikomaa anagawanya seti zake na kutoa spora nne nne, na kati ya nne hizo kwa kawaida mbili zitaota madume na mbili majike. Hao ndio watakaosimama mawe tofauti na kuanza upya kungoja kijidudu.

Hesabu vizazi: dume na jike, mtoto wa mgongoni, mjukuu asiye na jinsia, kisha dume na jike tena. Vitatu, katika mzunguko mmoja. Utauliza, na una haki ya kuuliza, nani aliyepanga urasimu huu. Maelezo ambayo wataalamu wengi wanayaegemea ni haya: kwa kuwa dume haogelei, mimba ni chache. Basi mimba moja ikitunga haitumiki kwa mtoto mmoja. Inazidishwa mgongoni mwa mama mpaka iwe maelfu ya spora, na kila spora iliyofanikiwa kuota inazidishwa tena kwa mgawanyo wa nne nne, safari hii kila mmoja akiwa na mchanganyiko wake wa tabia za wazazi. Mmoja atavumilia joto kidogo zaidi. Mwingine atavumilia mvua. Wengi hawatavumilia chochote na wataliwa na tasi. Pwani ambayo kila mwaka hubadilisha masharti inahitaji ukoo wenye watoto wasiofanana, na ukoo huu umeupata kwa kuzungukazunguka hivyo.

Habari za binamu aliyejificha kwenye gamba

Kama bado unaona mambo ya Gracilaria ni mazito, mshukuru Mungu hukuzaliwa Porphyra, mwani wa maji baridi ambao Wawelshi huuchemsha na kuula, na ambao jamaa zake wa karibu Wajapani huwakausha kuwa nori ya kuviringishia wali. Porphyra hupanga juu kabisa ya ukanda, hukauka mpaka akatoa mlio akikanyagwa, na maji yakirudi huendelea na shughuli zake. Kwa umadhubuti huo ungetegemea awepo mwaka mzima. Lakini kila kiangazi hutoweka, na hakuna aliyejua anakwenda wapi.

Wajapani walikuwa wakilima nori kwa karne kadhaa bila kuwa na mbegu. Walisimika vijiti na nyavu baharini msimu ukifika, wakaomba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zao likaanguka vibaya, na hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu huwezi kuotesha kitu ambacho hujui kinalala wapi.

Aliyejua alikuwa Manchester. Kathleen Drew-Baker alikuwa mtaalamu wa mwani ambaye alipoolewa mwaka 1928 alipoteza ajira yake ya chuo kikuu, kwa kuwa wake za watu hawakuajiriwa. Akaendelea na utafiti kama mtu wa kujitolea. Aliweka mwani wa Wales kwenye tangi pamoja na magamba ya chaza, akaona magamba yanafanya madoa mekundu. Madoa hayo yalikuwa yanafahamika. Yalikuwa na jina lake, Conchocelis, na yalihesabiwa kuwa mwani mwingine kabisa. Mwaka 1949 akachapisha katika jarida la Nature kwamba ni yule yule Porphyra. Spora zake zinatoboa gamba, zinaishi humo kama nyuzi laini wakati wa joto, na maji yakipoa na siku zikifupika zinaachia spora za kuotesha majani mapya.

Wajapani walipoupata ujumbe huo walianza kulea nyuzi kwenye magamba ndani ya matangi, wakaacha kuomba peke yake. Mwaka 1963 wakamsimamishia mnara mjini Uto, mkoa wa Kumamoto, na kila tarehe 14 Aprili hukusanyika hapo kumwadhimisha. Wanamwita Mama wa Bahari. Alikuwa amefariki mwaka 1957 bila kukanyaga Japani. Kwa maoni yetu, taifa linalomjengea mnara mtu aliyefafanua uzazi wa mwani lina mambo machache ya kujifunza kutoka kwetu kuhusu heshima.

Njia ya mkato

Tunajua umechoka. Umeruka sehemu ya vizazi vitatu, umesoma ya Japani nusunusu, na sasa unauliza kama hakuna namna ya kuwa mwani bila ndoa, bila mshenga, bila kuchagua jiwe. Ipo. Omba kufungwa kamba.

Zamani wakazi wa pwani hii waliokota mwani pori ukasafirishwa nje, mpaka ukapungua. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihubiri kilimo cha mwani tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Zilikuja za aina mbili, ambazo kila mkulima anazijua kwa majina ya sokoni: spinosum na cottonii. Kinachotakiwa kutoka kwao ni karajinani, utomvu unaofanya aiskrimu isiyeyuke ovyo na dawa ya meno isitiririke.

Na hapa ukumbuke kile kipengele cha kipande kinachoendelea kuwa wewe. Mbegu ya mwani si mbegu. Nenda Paje asubuhi ya bamvua utaona inavyofanywa. Mama ameketi ndani ya maji ya kiunoni, khanga imeshajaa chumvi, kamba imetandazwa kati ya vijiti viwili vilivyokitwa mchangani. Anavunja kitawi cha ukubwa wa ngumi kutoka kwenye mwani wa wiki sita zilizopita, anakipitisha kwenye taitai, kikamba chembamba cha kufungia, anakaza, anasogea shibiri moja, anavunja kingine. Wengi wa wakulima ni wanawake, na siku nzima ya bamvua inaishia kwenye mafundo. Wiki sita baadaye kila kitawi kimekuwa kichaka; kinavunwa, kinachopendeza zaidi kinavunjwavunjwa kiwe mbegu, na vingine vinaanikwa. Kilo saba mpaka kumi za mwani mbichi zinatoa kilo moja kavu.

Ukiwa kwenye kamba huna wasiwasi wowote wa uzazi. Unavunwa kabla hujafika umri wa kuzaa. Tangu 1989 umekuwa ukikatwa, ukifungwa, ukikua, ukikatwa, na mwani unaoyumba Jambiani leo kwa hesabu ya urithi, kwa sehemu kubwa, ni vipande vya wageni wachache. Hujafa hata siku moja. Hujazaa pia.

Maisha haya yana raha mpaka kaskazi ianze kuwa kali. Kamba nzima ikiwa ni mtu mmoja aliyerudiwa mara elfu, anachoshindwa mmoja wanakishindwa wote. Cottonii, ambayo bei yake ni nzuri, ilianza kufa uwandani Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji yalipozidi joto na magonjwa na mwani-vimelea vikaingia. Katika kamba hizo hakukuwa na mjukuu mmoja mwenye kichwa kigumu aliyerithi kuvumilia joto kutoka kwa bibi wa jiwe la mia, kwa sababu hakukuwa na bibi. Spinosum ikabaki kwa kuwa ni ngumu zaidi, na bei yake ni ya kusikitisha.

"Shoga, wako vipi?" utasikia mmoja anamuuliza mwenziwe kamba ya pili.

"Umeshaanza weupe."

"Vuna hivyohivyo. Ukingoja bamvua lijalo utavuna kamba."

Dk. Flower Msuya, ambaye amefanya kazi na wakulima hawa kwa miaka mingi akiwa Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Zanzibar, amesisitiza kupeleka mwani kwenye maji ya kina, kwenye nyavu ndefu za mfano wa bomba, ambako joto ni la kiasi. Ni rai nzuri, ila inataka mashua, na inataka wanawake wengi ambao hawakufundishwa kuogelea wajifunze. Amesisitiza pia kuongeza thamani papo hapo, kwa kutengeneza sabuni na unga wa mwani, badala ya kuuza magunia na kungoja bei ya mtu mwingine.

Wakati huohuo, nje ya kamba, kwenye mawe ya pwani yetu bado upo mwani pori wa asili wa jamii ileile ya spinosum, ukioana kwa shida zake zote. Watafiti waliopima urithi wake wamekuta pia wageni wa kamba waliovunjika na kujisimika katikati ya wenyeji. Kwa hiyo usidhani kiwanja cha mwani pori kimehifadhiwa kikikungoja.

Uamuzi ni wako. Sisi, tukiulizwa, tunashauri ukatae kamba na uchukue jiwe, pamoja na tasi, mvua ya Aprili, unywele unaongoja bure na mtoto asiyetoka mgongoni. Wenye mamlaka ya uvuvi na utafiti nao tunawaomba kitu kimoja: kabla ya kuagiza mbegu nyingine kutoka ng'ambo, wakusanye spora za mwani wa hapa, wazioteshe matangini, wazijaribu kwenye maji ya moto ya kaskazi, na watakaopona wawape kina mama wafunge. Japani ilifanya hivyo kwa magamba ya chaza.

Na kama baada ya kusoma yote haya umeamua kubaki binadamu, ni sawa pia. Ila ukipita Paje asubuhi ya bamvua kupiga picha, angalia unapokanyaga. Kila fundo limefungwa kwa mkono, na kilo moja kavu huenda isilipe soda utakayokunywa ukitoka majini.